Kabla Mtoto Hajakaa Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Mtoto wa miaka minne hajang'olewa jino maishani mwake. Hajachomwa sindano ya ufizi, na pengine chumba cha daktari wa meno hajakiona hata mlango. Basi hofu kaitoa wapi? Kaitoa kwetu. Hapa Chake Chake, Pemba, nasikia kila siku, tena kwa watu wanaowapenda wana wao: "Kula, la hukuli nakupeleka kwa daktari akakuchome sindano." Halafu jino linapouma, mtu yule yule anamshika mtoto mkono na kumwambia twende, daktari ni mtu mzuri. Mtoto ana akili zake, na katika maneno hayo mawili atashika lile la kwanza, maana ndilo alilolisikia mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: daktari asitajwe nyumbani kwa kutishia. Haitoshi mama aache peke yake, wenziwe nyumba nzima wakiendelea. Mimi nilimwendea mama yangu, nikamwambia, "Mama, nakuomba, mjukuu wako usimtishe kwa daktari. Siku ya kumpeleka tutapata tabu." Alinielewa. Waliokuwa wagumu ni watoto wenziwe. Binamu yake alikwishamhadithia habari za koleo na damu, na binti yangu akawa anaziba mdomo kila akisikia neno jino. Sikumgombeza yule kijana. Nilimwita nikamuuliza mbele ya binti yangu: ulipotoka hospitali ulifanya nini? Akasema alikwenda kucheza mpira. Habari ile ilimtuliza kuliko maneno yangu yote, kwa sababu ilitoka kwa mtoto mwenzake.

La pili, mpeleke kabla hajaumwa. Wengi wetu tunasema meno ya utoto yataanguka tu, ya nini kuhangaika? Lakini jino la kwanza huota karibu na miezi sita, yote 20 hukamilika mtoto akikaribia miaka mitatu, na magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12. Hiyo ni miaka mingi ya kutafunia kwa jino bovu, na usaha wake unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojitengeneza chini yake. Madaktari wanashauri mtoto aonwe akiwa na mwaka mmoja. Hata ukichelewa, safari ya kwanza iwe ile ambayo hapana cha kufanywa: anakaa kitini, anafungua mdomo, anahesabiwa meno, anarudi nyumbani. Mtoto anayefika pale mara ya kwanza shavu limevimba na usiku hakulala, atakikumbuka chumba kile kwa maumivu yale.

Nyumbani tulizoea mchezo wa kuhesabu meno. Analaza kichwa mapajani mwangu, nawasha tochi ya simu, namgusa meno kwa mpini wa kijiko huku tukihesabu pamoja. Kisha zamu yake, ananihesabu mimi. Kulala chali na kumwachia mtu mzima mdomo wazi ni jambo zito kwa mtoto, basi alizoee kwa mama yake kwanza. Faida nyingine ni yako wewe. Ukiona alama nyeupe kama chokaa karibu na ufizi, hapo jino limeanza kuharibika lakini halijatoboka, na likiwahiwa huweza kuzuilika.

Sisi wa Pemba tuna bahati moja ambayo sijasikia watu wakiizungumza. Chumba cha daktari wa meno mara nyingi hunukia karafuu. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli (eugenol), nacho hutiwa katika baadhi ya dawa za kuzibia jino kwa muda. Mtoto wa kwetu harufu ile anaijua tangu kuzaliwa. Kaiona karafuu ikianikwa kwenye majamvi, na akipita Wawi karibu na kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu vinavyokamuliwa mafuta, inamfuata njia nzima. Nilimwambia binti yangu mapema kwamba kwa daktari kunanukia karafuu, na tulipoingia alivuta pumzi, akanitazama, akasema, "Kweli, mama." Neno langu moja likawa limethibitika, na ya mbele akayaamini. Ila mafuta ya karafuu yenyewe usimpake mtoto jino likimuuma. Ni makali, yanaunguza ufizi, na akiyameza yanamdhuru.

Kuaminiwa huko usikupoteze kwa kumwambia "haumi hata kidogo". Mwambie atakalolihisi: daktari atatia dawa ya ganzi, utabanwa kidogo, halafu mdomo utakuwa mzito. Mfundishe kwamba akitaka kupumzika ainue mkono, na umwombe daktari mbele yake aukubali mkono ule. Usione haya kumwambia, "Daktari, mwanangu ana hofu, nakuomba umuonyeshe kila kitu kwanza." Wengi wanafurahi kuambiwa. Humpa mtoto kioo akishike, humpulizia upepo kiganjani kabla ya kuupuliza mdomoni.

Chagua asubuhi, mtoto amelala vizuri na amekula. Usimpeleke akitoka skuli na chuoni kwa Kurani amechoka. Kama wewe mwenyewe unaogopa, mwombe shangazi yake ampeleke, kwa kuwa mkono wako ukitetemeka atauhisi. Na akilia, mwache alie. "Huoni haya, mwenzako hakulia" humwongezea fedheha juu ya hofu. Akikataa kabisa na jambo si la haraka, rudini siku nyingine. La haraka ni uvimbe wa uso au homa pamoja na jino, na hapo usingoje hata siku moja.

Akishatiwa ganzi, kaa naye. Mdomo unabaki mzito saa moja mpaka tatu, na mtoto huutafuna bila kujua mpaka ukavimba. Chai na uji wa moto vingoje.

Peremende usimwahidi kabla ya kwenda, maana atajua kuna baya linalofichwa. Na sukari yenyewe ndiyo inayotupeleka kule. Siku za Idi watoto wana pesa mkononi, na Tibirinzi, kwenye kiwanja chetu cha sikukuu, kote ni ubuyu, peremende na soda. Simkatazi. Namwambia ale zote kwa mara moja baada ya chakula, asishinde anamung'unya kutwa, kwa sababu kila anapotia sukari mdomoni meno hushambuliwa upya. Usiku nampiga mswaki mimi mwenyewe, na nitaendelea mpaka afike miaka saba au zaidi, kwani mkono wa mtoto haufiki magego ya nyuma. Dawa ya meno iwe yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na kiasi cha njegere kwa aliyezidi. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, na baada ya hapo asile wala asinywe kitu ila maji mpaka asubuhi.