Barua kwa Mwanangu Kuhusu Jina la Fundi

Matondoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua yako imefika pamoja na ile picha uliyoipiga dukani huko Nairobi, na nimeitazama mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya baba yako. Hukukosea. Mkeka ule uliotundikwa ukutani umetoka hapa kijijini, na pindo lake la zambarau na kijani nimelishona mimi, kwa maana hakuna mwingine anayekunja kona namna ile, na hata mimi huikunja hivyo kwa sababu sikuwahi kuijua vizuri njia iliyo sahihi. Kikaratasi kilichofungwa pembeni kina jina la duka, na chini yake maneno kwamba ni kazi ya mikono ya pwani ya Kenya. Ndipo ukaniuliza kwa nini baba yako, katika miaka yote ya kuunda vyombo vya baharini, na mimi, katika miaka yote ya kusuka, hatukuwahi kuandika majina yetu popote. Je, ni kuona haya, ni dini, au ni kwamba hatukuijua thamani ya kazi zetu?

La dini tulimalize upesi. Tumefundishwa kuiogopa ria, yaani kutenda ili uonekane na watu, na mtu anayejisifu kwa mikono yake mwenyewe huonekana amepungukiwa na kitu, lakini sijamsikia mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani akimkataza fundi kutia jina lake katika kazi ya halali. Thamani nayo tuliijua. Tusingebishana bei na wachuuzi mpaka jua likachwa kama hatukuijua. Jibu la kweli ni kwamba jina halikuwa na msomaji. Aliyehitaji kulijua alikuwa akilijua tayari.

Kumbuka chombo kilivyokuwa kikiundwa pale ufukweni ulipokuwa mdogo. Mwenye chombo alikuja kutoka Faza au Kizingitini, akafikia kwa jamaa zake, akakaa akiangalia. Aliuona mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, ukilazwa, akaziona mbao za kwanza zikipandishwa kabla ya taruma, yaani mbavu, kuingizwa, kwa sababu baba yako hana karatasi ya mchoro. Hutangulia kuupa mwili umbo lake kwa jicho na uzi, kisha ndipo hukitafutia chombo mbavu zake katika miti iliyopinda yenyewe msituni, mlilana hasa, akaichonga kwa tezo mpaka ikakubali kulala juu ya mbao bila kulazimishwa. Mwenye chombo aliisikia pamba ikigongwa katika nyufa siku za kalafati, na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ikamfuata mpaka kwenye sahani ya wali. Siku ya kushua alisimama majini pamoja na wanaume wa kijiji kizima, akivuta kamba na kuitikia nyimbo. Mtu wa namna hiyo ungemwandikia jina la fundi ubaoni ili asome nini?

Hata asiyekuwepo alijua kusoma. Jahazi la Lamu hujulikana kwa omo yake, yaani sehemu ya mbele, iliyosimama karibu wima, jambo ambalo mgeni akifundishwa mara moja halisahau. Lakini watu wa hapa walikwenda mbele zaidi, wakaweza kuketi barazani, wakaona tanga likitokea upande wa mlango wa bahari wa Mkanda, wakasema chombo kile kimeundwa na fulani, kwa namna ubavu unavyojaa karibu na tezi, kule nyuma. Baba yako hupenda kukumbusha kwamba elimu hiyo ilikuwa na upande wake mchungu, kwani chombo kilipovuja, jina la fundi lilifika nyumbani kabla ya nakhodha. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa msimu mzima bila kupewa kazi kwa sababu ya ubao mmoja aliouamini kuwa umekauka.

Kwa upande wa sisi wanawake, jambo lina uzito mwingine, na hapa naomba unisome polepole, kwa maana ndipo ninapotofautiana nawe. Wewe umeandika "jina la aliyesuka" kana kwamba mkeka una msusi mmoja. Mkeka uliouona una watu watano, na kama nitawahesabu wote, sita. Miyaa, yale majani ya kusukia, ilikatwa bara na kijana ambaye hujua jani la kukata na la kuacha. Ilichanwa na kuanikwa na shangazi yako. Rangi ilipikwa na jirani yetu wa upande wa msikiti, naye huyajua maji ya kila rangi kama mpishi anavyoujua mchuzi wake, hata kwa hizi rangi za unga za dukani ambazo wengine huzitupa tu katika sufuria na kuondoka. Ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, ulisukwa na watu wawili, kila mmoja barazani kwake, pima baada ya pima, huku wakizungumza, wakipokea wageni na kuwakemea watoto. Mimi niliuzungusha ukili huo, nikaushona, nikatia pindo. Macho ya mnunuzi huenda kwenye pindo, ilhali mkeka hudumu kwa sababu ya ukili uliobana sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho. Pindo huweza kung'olewa na kushonwa upya alasiri moja.

Nitakueleza jambo ambalo sikuwahi kukueleza. Ulipokuwa darasa la sita au la saba, mgeni aliyefikia Shela aliletwa hapa na nahodha wa mashua, akausifu mkeka uliokuwa umetandikwa barazani, akauliza ni nani aliyeusuka. Nikasema ni mimi. Shangazi yako alikuwa ameketi hatua tatu kutoka nilipo, akichana miyaa, na ule ukili wote ulikuwa wake. Hakuinua uso. Mgeni aliondoka na mkeka, akaniachia fedha, na tuligawana kama kawaida, kwa hiyo huwezi kusema nilimdhulumu senti. Lakini jioni ile alimtuma mtoto anirudishie ukili wangu mwingine aliokuwa amekubali kunishonea, haujashonwa, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba. Ilipita miezi, mpaka Ramadhani, ndipo tukakaa tena jamvi moja. Tangu siku hiyo, nikiulizwa kazi ni ya nani, husema ni ya Matondoni, na si kwa unyenyekevu kama ulivyodhani.

Kofia nazo ni hivyo hivyo, ingawa ni kazi nisiyoiweza na sitajifanya kuijua sana. Mmoja huchora nakshi juu ya kitambaa, mwingine hutoboa na kuvizungushia uzi vile vitobo vidogo kwa mamia, na kazi huweza kupita mikononi mwa watu kadhaa kwa miezi kabla ya kofia kukaa kichwani mwa bwana harusi. Anayevaa hutajwa, na anayeiona husema ni kofia ya Lamu.

Desturi ya kutaja mahali badala ya mtu ni ya zamani kuliko sisi. Watu husema viatu vya Siyu, milango ya Siyu, na kwa kusema hivyo wanadhani wamemaliza. Hata katika masimulizi ya Pate, yule Mwana Darini aliyenyimwa siwa, lile baragumu la kifalme, kwa ajili ya tohara ya mwanawe, akamwagiza fundi amchongee nyingine ya pembe ya ndovu, anakumbukwa na kila mtu; ukiuliza jina la fundi aliyeichonga, utaona watu wakitazamana. Na siwa ya Pate iko pale makumbusho ya Lamu, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama, kama ulivyopelekwa wewe. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, tulifurahi kwa haki, na tangu hapo milango, zidaka na kuta za matumbawe vimepigwa picha nyingi ajabu. Waliovichonga na kuvijenga wamebaki kuitwa mafundi wa kale, kama kwamba wote walikuwa mtu mmoja aliyeishi miaka mingi sana.

Kwa hiyo sikukatalii shauri lako la kuandika majina. Nakubali kwamba wakati umebadilika, kwa sababu mnunuzi amebadilika. Mkeka wangu umekwenda kwa mtu ambaye hatawahi kuketi barazani kwangu, na jina lililokuwa likitembea kwa mdomo halina mdomo wa kulibeba hadi Nairobi. Palipoachwa wazi na sisi, mwenye duka ameandika lake. Nilimuuzia mchuuzi mkeka ule kwa shilingi 1,500, na katika picha yako nimeona 7,800. Sitamlaani mtu kwa hesabu hiyo. Kuna boti ya kuvuka hadi Mokowe, kuna basi, kuna kodi ya duka, na kuna mikeka inayokaa miezi bila kununuliwa ikaliwa na panya. Lakini wahenga waliosema kizuri chajiuza hawakuwahi kukiona kizuri kikiuzwa na mtu mwingine kwa jina lake.

Baba yako nilimsomea barua yako yote. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba chombo kina jina lake tayari, limeandikwa ubavuni, na chombo hakihitaji majina mawili. La pili alilitoa siku ya pili yake, baada ya alasiri. Alinikumbusha ile dau iliyoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na ndara kuukuu, ile Flipflopi iliyoshushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Unguja. Unakumbuka alivyoicheka kabla hajaiona. Alipokwenda kuiona alipitisha kiganja kwenye maungio, akanyamaza, kwa sababu ilikuwa imeundwa kwa kanuni zile zile alizofundishwa na babu yako, ila ubao umekuwa kitu kingine. Watu wa nchi za mbali walipoiandika dau ile walimtaja fundi wake mkuu, Ali Skanda, kwa jina lake kamili, na hakuna aliyeona kwamba amejivuna. Baba yako alisema hivi: "Kumbe jina la fundi laweza kusafiri, na chombo kisizame." Hilo kwake ni kukubali, na usimdai zaidi.

Ameongeza pia, na mimi naliandika kwa sababu aliniagiza, kwamba umelifikiria jina wakati kazi yenyewe inapungua. Mbao nzuri zimekuwa ghali, marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwafundisha mafundi jinsi kazi inavyoweza kusimama, na wavuvi vijana wanataka boti za faiba ambazo hazihitaji kalafati kila mwaka. Tangu mwaka jana hajaweka mkuku mpya. Anatengeneza vya zamani. Sina la kumjibu hapo, wala wewe huna, kwa hiyo tuiache.

Sasa nikuambie ninachokubali. Umependekeza vitambaa vidogo vilivyochapishwa jina, vya kushonewa nyuma ya mkeka. Vilete, lakini viwe na nafasi ya majina yote, kuanzia aliyekata miyaa mpaka aliyetia pindo, na jina la kijiji litangulie. Usichapishe jina langu peke yake hata kama umeona ni rahisi kwa wanunuzi kulikumbuka jina moja. Usiweke picha za nyuso; wako wasiotaka, na mimi ni mmoja wao. Kabla ya kumwandika yeyote, njoo umuulize mwenyewe, uketi, unywe chai, umsikilize hata akipotea katika habari nyingine, maana kuna wanawake hapa waliosuka kwa miaka 40 na hakuna mtu aliyewahi kuja na kalamu kuwauliza chochote ila wakati wa kuhesabiwa watu. Wale wa Kipungani pia wanasuka, na kazi yao ni nzuri kuliko yetu katika vikapu, ingawa usimwambie mtu kwamba nimesema hivyo. Wakitaka kuingia, waingie kwa jina la kijiji chao, lisichanganywe na letu. Na bei iandikwe pale pale kwenye kitambaa, kiasi tulichopokea sisi. Mchuuzi atanuna. Kama ana sababu ya kuuuza mkeka kwa mara tano ya bei hiyo, ataweza kumweleza mnunuzi sababu hiyo.

Shangazi yako macho yake yamepungua sana, lakini vidole bado vinaujua ukili bila taa. Nilipomsomea sehemu ya vitambaa aliendelea kusuka mpaka akafika mwisho wa unyasi, akaunga mwingine, ndipo akauliza kama kitambaa chako kitatosha kuandikwa jina la mama yake pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha, na yeye mwenyewe haoni haja ya kutajwa bila huyo. Nimemwambia nitakuuliza. Kwa hiyo, kabla hujalipa mchapishaji, nipimie upana wa kitambaa uniandikie.

Baba yako anakusalimu. Mkeka wa chumba chako unangoja zambarau ikauke.

Mamako