Mama aliyeuliza kuhusu kijana wake na dramu za jazz

Mama, umeuliza kama kijana wako wa kidato cha tatu, anayepiga dramu kanisani huko Mbale, anaweza kuwa mpiga jazz au anapoteza muda. Wengi wamekujibu kwamba jazz ni mambo ya Nairobi na ya watoto wa matajiri. Mimi vijiti vimenilisha hapa Kisumu tangu nimalize shule, na nakwambia anaweza. Ila jazz peke yake haitamlisha, hilo ajue mapema.

Nilikulia Shinyalu, Kakamega, na huko huwezi kukua bila isukuti, ngoma yetu ya asili. Harusi isukuti, matanga isukuti, mtoto akizaliwa hivyo hivyo. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na sishangai, siku hizi watu wanakodi spika. Mimi nilianza na ile ndogo, nimeibana kwapani, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kutoyumba wakati ile kubwa inasema mambo yake. Nikianza kuifuata, mjomba ananikanyaga kidole cha mguu bila hata kunitazama. Anaendelea kuimba.

Mafunzo hayo ndiyo jazz inayoyadai. Zamani wapigaji wa Marekani walishika mwendo kwa mguu, kwenye dramu ya besi. Miaka ya 1940 mpiga dramu Kenny Clarke akauhamishia mkono wa kulia, juu ya toazi, lile sahani la chuma, mguu na mkono wa kushoto vikabaki huru kuchokoza na kujibu. Kwa hiyo mwili mmoja unabeba ngoma tatu au nne, na mkono ule wa kulia hauruhusiwi kuyumba.

Kisumu niliingia bendi ya benga, muziki wetu wa magitaa ya kasi. Benga ilinipa pumzi, maana magitaa yakianza kukimbizana hakuna kupumzika, na mguu unagonga kila pigo mpaka alfajiri. Mguu huo huo ukiupeleka kwenye jazz unamfunika mpiga besi. Besi wetu, mzee aliyewahi kupiga kwenye hoteli za Mombasa, alinipa kanda ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazz, akasema, "Sikiliza mkono wa kulia tu, hayo mengine yaache kwanza." Dramu zilikuwa za Elvin Jones, aliyepiga na Coltrane kuanzia 1960 hadi 1966. Mara ya kwanza niliapa wapigaji ni wawili. Mapigo matatu matatu yanamiminika juu ya mwendo wa nne, lakini toazi liko palepale. Nikamkumbuka mjomba.

Huyo Elvin alikuwa kitinda mimba wa watoto kumi huko Pontiac, Michigan. Kaka yake Hank alipiga piano, Thad tarumbeta. Yeye alinunua dramu zake za kwanza mwaka 1949 kwa dola 35 alizokopa kwa dada yake. Kwa hiyo kijana kutokuwa na dramu zake si hoja.

Pesa sasa. Wiki yangu ni rumba na zilipendwa hotelini Ijumaa, harusi Jumamosi, injili Jumapili. Jazz huja pale hoteli fulani ya ziwani inapotaka muziki wa chini wageni wakila. Kuna mwenye baa aliyewahi kutulipa samaki na soda. Tuliwala, ndiyo, lakini tangu hapo bei inakubaliwa kabla dramu hazijashuka kwenye pikipiki.

Usimnunulie seti ya bei rahisi kutoka supamaketi. Kata kipande cha tairi, kipigilie kwenye ubao, hapo mikono itafanya kazi bila kelele. Simu iwe na metronomu, ile programu inayogonga mapigo sawasawa, aiweke kwenye mapigo 60 kwa dakika, polepole hivyo, maana kasi humficha asiyejua kushika mwendo. Ukipata pesa, anza na toazi moja zuri, hata la mtumba. Dramu atazikuta popote atakapoitwa, ila toazi la kukodi huwa limepasuka. Na mwombe mchungaji ufunguo wa kanisa siku za wiki, saa za mchana, majirani wakiwa shambani.