Maswali ya Wasomaji: Kambi ya Manamba, Mfunguo Sita na Jambo Lisilosemwa

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka mkoa mmoja, Tanga, na zote zimeandikwa na watu wanaotaka kuhifadhi historia ya kwao bila kuwa wanahistoria wa kusomea. Jibu la barua ya kwanza limechukua nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa swali lake ndilo ninaloulizwa mara nyingi zaidi.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Muheza. Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kigoma. Alikuja huku kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akapanda treni Kigoma na kushukia Muheza, kama tulivyosimuliwa tangu utotoni, akakata mkonge hadi nguvu zilipomwishia, wala hakurudi tena kwao. Kambi aliyoishi sasa ni kijiji. Zimebaki kuta za nyumba ya korona (ile mashine ya kukamua nyuzi za mkonge), msingi wa duka na makaburi ambayo vijana hawajui ni ya nani. Nimenunua daftari kubwa ili niandike historia ya kambi hiyo, lakini kila ninapokaa kuandika sioni pa kuanzia. Nianze na nini? — *Mwalimu mstaafu, Muheza*

Jibu: Mwalimu, anza na wazee, na uanze wiki hii. Majalada ya serikali yamekaa miaka mingi na yataendelea kukaa, lakini mzee aliyewahi kusimama mbele ya korona akilisha majani ya mkonge pengine amebaki mmoja au wawili tu hapo kijijini, na afya yao unaijua kuliko mimi.

Usiwakalishe kwenye kiti na kuwauliza, "Ilikuwa mwaka gani?" Swali hilo huwafunga midomo, au huwafanya wataje mwaka wowote ili kukuridhisha. Tembea nao. Mfikishe mzee kwenye zile kuta, mwache ashike tofali, kisha umwombe akuonyeshe mahali troli zilipomwaga majani, mahali singa, yaani nyuzi za mkonge, zilipoanikwa, mahali karani alipokaa siku ya mshahara, kisima cha wanawake na uwanja wa ngoma wa kila kabila. Mtu ambaye sebuleni alisema amesahau yote atakuambia pale pale kwamba mlango ulikuwa upande huu, na kwamba mnyapara fulani alipenda kuegemea nguzo ile. Chora ramani hiyo kwa mkono, hata kama mistari imepinda, na uandike majina ya mahali kama yanavyotamkwa na wenyewe. Ukurasa wako wa kwanza uwe ramani hiyo.

Miaka utaipata kwa njia nyingine. Wazee wetu hawakuhesabu maisha yao kwa kalenda ya ukutani, bali kwa matukio, na kazi yako ni kuyajua matukio hayo vizuri ili uyatumie kama vigingi vya kufungia kamba. Vita Kuu ya Pili ilimalizika mwaka 1945. Mgomo wa wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde ulikuwa mwaka 1958. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, na mwishoni mwa mwaka huo huo mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979. Uliza hivi: "Mama, ulipoolewa, shamba lilikuwa bado la mzungu au lilikwisha kuwa la serikali?" Jibu lake litakupa upande wa mwaka 1967 alioolewa, na kigingi cha pili kitakusogeza karibu zaidi.

Sasa nirudi kwenye treni ya babu yako, maana hapo pana jambo kubwa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilipita Muheza miaka mingi kabla ya babu yako kuzaliwa. Lakini reli hizo mbili hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, ulipokamilika ule mkono wa kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Kama babu alikuja mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hakuweza kukaa ndani ya behewa kutoka Kigoma mpaka Muheza. Simsemi kwamba alidanganya. Alipanda treni kweli, tena huenda mara mbili, lakini katikati ya safari palikuwa na kipande alichosafiri kwa lori au kwa miguu, akalala kwenye kambi ya njiani, akala chakula cha watu wasiofahamiana, na masimulizi ya familia yamekiruka kipande hicho. Au yeye alikuja baada ya 1963, na ni nyinyi mliomrudisha nyuma. Waulize wazee wengine waliotoka bara: mlishukia wapi, mlilala wapi, nani aliwapokea? Mimi naona ukurasa huo uliorukwa ndio utakaokuwa bora kuliko zote katika daftari lako.

Kuhusu mkonge wenyewe, msomaji wako wa baadaye atahitaji kujua machache tu. Mmea huu si wa asili yetu. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakaenea mashamba ambayo katikati ya miaka ya sitini yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Watu wa pwani hawakuipenda kazi hiyo, na hawakutosha, kwa hiyo vibarua wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, ambalo wazee bado wanaliita Silabu. Mtu alipewa namba, na namba hiyo ikawa jina lake; neno *manamba* limetokana na hapo.

Kisha tafuta karatasi, na uanzie nyumbani. Omba ruhusa ya kufungua masanduku ya bati ya koo zilizokaa kambini tangu zamani. Humo hukaa stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, na ukibahatika, kipande chenyewe, yaani kadi ya kazi ya manamba. Kadi hiyo ilikuwa na vyumba 30 vya siku za kazi, na kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, chumba kimoja kilitiwa alama. Siku aliyoshindwa kumaliza haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja hadi vyumba vyote vijae. Ukikishika kipande, kitazame polepole kabla ya kukipiga picha. Hesabu alama, tazama kalamu ilipobadilika, tazama tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Kadi ya siku 30 iliyochukua siku 50 kujaa inakueleza habari za ugonjwa, mvua au mgomo ambazo hakuna mtu aliyekusimulia.

Baada ya hapo ndipo uende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako kuna majalada ya utawala wa Waingereza pamoja na vile vitabu vya wilaya ambavyo maofisa wao walivijaza habari za makabila, majumbe, kodi na kazi. Majalada ya serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma yakitimiza miaka 30, lakini ulizia taratibu za ruhusa kabla ya kufunga safari. Usiliache pia gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na kuchapisha habari na barua za wasomaji kutoka wilayani, kwa Kiswahili cha wenyewe.

Ukiyasoma majalada hayo, kumbuka aliyeyaandika alikuwa akitafuta nini. Ofisa alitaka kujua idadi ya vibarua, kwa hiyo mtu aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha ameandikwa mtoro, basi. Nyumbani kwake pengine anakumbukwa kama mwanamume aliyekwenda kumzika mama yake. Andika yote mawili, na useme lipi limetoka wapi. Majina nayo yatakusumbua, kwa sababu karani wa pwani aliandika jina la Kiha kama alivyolisikia, na vibarua wengine walitoa majina yasiyo yao makusudi. Tafuta kila jina kwa tahajia tatu au nne kabla ya kukata tamaa.

Katika daftari lako, tumia kurasa za kushoto kwa maneno ya msimulizi peke yake, ukiweka jina lake, umri wake, mahali na tarehe mliyozungumza. Kurasa za kulia ziwe za maoni yako na yale uliyoyathibitisha. Mwalimu wa darasa hana haja ya kufundishwa nidhamu ya daftari, lakini nimeona kazi nzuri za miaka kumi zikipoteza thamani kwa sababu mwandishi alichanganya alichoambiwa na alichodhani, na baada ya kifo chake hapakuwa na wa kuvitenganisha.

Na yale makaburi, Mwalimu, yaandike mapema. Simama na mzee kwenye kila kaburi analolitambua, andika jina, kwao alikotoka na nani alimzika. Kigoma kuna familia ambazo hadi leo hazijui ndugu yao alilala wapi.

Swali: Katika Msahafu wa marehemu bibi yetu, kwenye karatasi ya mwanzo, marehemu baba yake ameandika kwa herufi za Kiarabu kwamba binti yake amezaliwa "usiku wa Ijumaa, mwezi nane Mfunguo Sita, 1350". Nimehesabu mwezi wa sita wa Kiislamu nikapata Oktoba 1931, lakini siku ya Ijumaa haikubali. Nimekosea wapi? — *Bi. Z., Ngamiani, Tanga*

Jibu: Bi. Z., umehesabu vizuri ila umeanza mahali pasipo penyewe. Watu wa mwambao wanahesabu miezi kuanzia pale mfungo wa Ramadhani unapofunguliwa. Kwa hiyo Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhul-Qaada ni Mfunguo Pili, Dhul-Hijja ni Mfunguo Tatu, na Muharram, ambao ni mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijria, ni Mfunguo Nne. Hesabu hii inakwenda hadi Mfunguo Tisa, kisha yanafuata majina ya Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mfunguo Sita basi ni Rabiul-Awwal, mwezi wa Maulidi, ambao ni wa tatu katika mwaka wa Hijria. Umempunguzia bibi miezi mitatu ya umri wake.

Mwaka 1350 ulianza Mei 1931, na Mfunguo Sita wake ukaandama katikati ya Julai. Mwezi nane, yaani siku ya nane ya mwezi huo, unaangukia tarehe 24 Julai 1931, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Hesabu za vitabuni zinaweza kutofautiana na mwezi ulioonekana kwa macho kwa siku moja, na ndiyo sababu babu yetu huyo alifanya vyema kuandika pia jina la siku. Hapa vyote viwili vimekubaliana.

Limebaki jambo moja. Kwa hesabu ya wazee siku inaanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao redio zetu leo zinauita usiku wa kuamkia Ijumaa. Kama bibi alizaliwa kabla ya saa sita za usiku, kwa kalenda ya ofisini alizaliwa Alhamisi, tarehe 23 Julai. Andika tarehe zote mbili katika kumbukumbu zenu na ueleze sababu. Ukurasa huo upige picha kwenye mwanga wa dirishani, na Msahafu wenyewe uuepushe na unyevu na mchwa; usiuzibe kwa karatasi ya nailoni, maana kwenye joto la Tanga jasho la ndani litafuta wino.

Swali: Mimi ni kijana wa Pangani na ninakusanya habari za mtaa wetu. Mzee mmoja, ambaye kwangu ni babu wa ujirani, ananisimulia kila kitu kwa furaha, lakini nikigusa habari za mashamba ya miwa na watu waliolima humo, ananyamaza au anabadilisha mazungumzo. Nimlazimisheje? — *Kijana, Pangani*

Jibu: Usimlazimishe. Pangani ilikuwa bandari kubwa ya misafara, na mashamba ya miwa ya kando ya mto yalilimwa na watumwa. Utumwa haukuisha siku Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi yao, hapo mjini kwenu, Desemba 1889, wala hawakuupiga marufuku moja kwa moja baadaye. Amri yao iliwafanya huru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 iliyoufuta kabisa. Hesabu mwenyewe: mzee wako anaweza kuwa alilelewa na mtu aliyezaliwa mtumwa, au na mtu aliyemmiliki mwenzake. Wajukuu wa pande zote mbili wanaswali msikiti mmoja na wameoana. Akisema neno moja kuhusu fulani, posa inaweza kuvunjika na kesi ya shamba ikaamka.

Mambo ya jumla unaweza kuyaandika bila kumtia mzee katika taabu: mashamba yalikuwa wapi, mitambo ya kukamulia miwa ilisimama wapi, sukari guru ilisafirishwa vipi. Asili ya familia iliyo hai usiiandike kamwe bila idhini ya wenyewe, hata kama mtaani kila mtu anaijua. Endelea kwenda kwa mzee, mpe shikamoo yake, msikilize anayopenda kusimulia, na usiwashe simu ya kurekodi bila kumwambia. Siku akiamua kusema, muulize hapo hapo ni yapi ya kuandikwa na ni yapi aliyokupa wewe tu. Ukimaliza kuandika, rudi umsomee kwa sauti, yeye mwenyewe, neno kwa neno, na pale atakaposema ufute, futa mbele ya macho yake.