Land Cruiser pikapu inayoyumba: boksi ya stelingi iguswe mwisho

Gari likianza kuyumba, mafundi wengi hukimbilia mambo mawili: kukaza skrubu iliyo juu ya boksi ya stelingi (ile yenye gia za usukani), au kukupeleka kwenye alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mlalo wa magurudumu. Yote mawili yana wakati wake, na wakati huo ni mwishoni. Kufanya alaimenti kwenye gari lenye tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) iliyolika ni kutupa hela, maana vipimo vitahama ukikata kona ya kwanza.

Hapa nazungumzia Land Cruiser pikapu ya 79, yenye ekseli nzima mbele na springi za koili. Hilux kuanzia Vigo zina reki (fimbo yenye meno) badala ya boksi, kwa hiyo vifaa vinatofautiana, ila utaratibu wa kukagua haubadiliki sana.

Kwanza jua unalalamikia nini. Usukani uliolegea ni ule unaouzungusha kidogo na matairi hayaitikii. Gari linalotangatanga ni jingine: usukani hauna plei (ule mchezo wa kulegea), lakini kila dakika unalirudisha kwenye mstari. Ugonjwa wa kwanza karibu kila mara ni kiungo kilichokufa. Wa pili unaweza kuwepo hata viungo vyote vikiwa vipya.

Matairi yasikuchukulie muda. Pima upepo yakiwa baridi, kushoto na kulia sawa, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Usichanganye rediali na zisizo rediali. Tairi za nyuma zikiwa na upepo mdogo na bodi imebeba mzigo, mkia huelea na dereva huapa kwamba tatizo liko mbele. Na kama gari linayumba tu kwenye lami iliyochimbwa mifereji na malori, kama vipande vya barabara ya Mbeya kwenda Tunduma, tairi pana zinafuata mifereji. Huo si ubovu.

Sasa kipimo chenyewe. Gari lisimame tambarare kwenye matairi yake, si kwenye jeki, kabari zimewekwa nyuma, injini inaunguruma taratibu. Injini ikiwa imezimwa, kijiti cha ndani ya pawa stelingi hujisokota na utadhani ni plei. Mtu mmoja akae ndani, atikise usukani kushoto na kulia bila kuuzungusha sana. Kwenye ukingo wa usukani, vitabu vya Toyota kwa magari haya huvumilia kama milimita 30 hadi 40 kabla tairi halijaanza kusogea. Zaidi ya hapo, ingia chini.

Fuata mwendo kutoka juu kwenda chini: krosi (kiungo cha kujikunja) ya shafti ya usukani, boksi, mkono wa pitimani unaotoka kwenye boksi, fimbo inayokwenda kwenye gurudumu, kisha tairodi inayounganisha magurudumu mawili. Usitegemee macho. Shika kila kiungo kwa kiganja, vidole kwenye nyumba ya boljointi (kile kiungo cha tufe mwishoni mwa fimbo) na dole gumba kwenye mkono uliofungiwa. Kiungo kizima husogea chote kwa pamoja. Kilichokufa utakisikia kikigonga kidogo kabla upande wa pili haujafuata. Kimpira kinachofunika boljointi kikipasuka, vumbi na tope huingia na boljointi hata ikiwa mpya haidumu. Za bei ya kutupa hupasuka mapema mno.

Kwenye boksi, angalia bolti zinazoishika kwenye chesisi. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka bolti ni dalili kwamba boksi inahama. Kwangua tope pale, maana chesisi nayo hupata ufa.

Kisha tazama panadi, ile fimbo ya kulalia inayozuia ekseli isiende pembeni. Hiki ndicho kifaa kinachorukwa kuliko vyote. Usukani ukitikiswa na bodi ikaenda upande kabla ya ekseli, bushi zimekwisha, au tundu la bolti limekuwa yai. Tundu likishapanuka, kukaza nati hakudumu. Linajazwa kwa weldi na kutobolewa upya.

Baada ya hapo inua gurudumu, weka stendi, ulitikise juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Plei ikipotea, ni beringi za hab (kitovu cha gurudumu), na utahitaji soketi ya milimita 54. Ikibaki, ni beringi za kingpini, yaani zile za mhimili ambao gurudumu hugeukia. Hapo angalia lile tufe la ekseli: grisi ikiwa imegeuka uji mwembamba, sili ya ndani imeachia na oili ya difu inaosha grisi. Beringi za kingpini zikikauka huchimba vijishimo pale gurudumu linaponyooka, usukani unanata katikati, na gari hutangatanga bila plei yoyote.

Kutangatanga kuna vyanzo vingine. Springi ndefu ni kimojawapo: ukiinua mbele milimita 50, mlalo wa kingpini kuelekea nyuma hupungua kama nyuzi 2, na usukani hauna tena hamu ya kurudi katikati. Dawa ni bushi maalumu za kurekebisha mlalo huo. Matairi yaliyotanuka kwa mbele, yaani yanayotazama nje, nayo hufanya hivyo hivyo. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, pima kati ya mistari hiyo kwa mbele, sukuma gari mpaka alama zifike nyuma, pima tena; mbele pawe sawa na nyuma au pungufu kwa milimita 1 au 2. Nyuma, kagua yuubolti na senta bolti, zinazoshika springi na ekseli. Pima kati ya ekseli mbili upande wa kushoto, kisha kulia. Tofauti ya sentimita nzima inamaanisha ekseli imehama.

Dampa ya stelingi (shokabzoba ya usukani) haiponyi lolote kati ya haya. Inaficha mtetemo tu.

Boksi sasa. Magurudumu yakiwa yamenyooka, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu si zaidi ya robo ya mzunguko, funga, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Popote ukigoma, rudisha skrubu. Ukitoka kwenye kona na usukani haurudi wenyewe, umekaza kupita kiasi. Na kama plei inarudi kila ukilegeza, meno ya ndani yamelika, boksi inahitaji kufunguliwa.