Kutenga au kutenganisha seli?

Msomaji anayetafsiri makala ya utafiti wa saratani anauliza: "Nimeandika 'kutenganisha seli binafsi zilizo hai za uvimbe'. Mhariri wangu anataka 'kutenga seli moja moja'. Nani yuko sahihi?"

Mhariri, ingawa si kwa kila hatua ya kazi. Kutenganisha ni kuviachanisha vitu vilivyoshikana au kuchanganyika. Kutenga ni kukiweka kando kile unachokitaka. Maabara hufanya yote mawili. Kipande cha uvimbe hukatwakatwa, kisha hutiwa vimeng'enya kama kolajenasi, vinavyovunja nyuzi zilizozifunga seli pamoja. Hapo seli zinatenganishwa: zimeachana, lakini bado zinaelea zote katika kimiminika kimoja. Baadaye mashine huzipitisha moja baada ya nyingine mbele ya mwale wa leza, hulitia chaji ya umeme tone lililobeba seli inayotafutwa, na tone hilo huvutwa pembeni hadi kwenye kishimo chake. Sasa ndipo seli inatengwa.

Sarufi nayo inasaidia. Kutenganisha mara nyingi hudai "na", iwe imetajwa au inaeleweka tu: seli hii na ile, seli za saratani na chembe za damu. Ukikosa cha kuweka baada ya "na", huenda ulihitaji kutenga.

"Binafsi" ifute kabisa. Tuna gari binafsi na maoni binafsi. Seli haina maoni wala haimiliki kitu. "Moja moja" inatosha, kwa kuwa urudufishaji unaonyesha kila seli inashughulikiwa peke yake. "Seli moja" ingetaja idadi tu.

Kuna wanaopendekeza "kuchambua". Ni kitenzi kizuri, tatizo ni kwamba siku hizi kimezoeleka kwa uchanganuzi wa data, na uchanganuzi huo huja baada ya seli kutengwa. Msomaji atachanganyikiwa.

"Seli hai" na "seli zilizo hai" zote ni sahihi. Hapa napendelea ya pili, maana uhai ndio sharti lenyewe: seli iliyokufa haikuzwi wala haijaribiwi dawa. Ndiyo sababu watafiti hutumia rangi ya buluu ya tripani, ambayo hupenya seli zilizokufa na kuzuiwa na utando wa zilizo hai.

Basi andika: "Seli za uvimbe zilitenganishwa kwa vimeng'enya, kisha zilizo hai zikatengwa moja moja."