Muziki ukipanda, gari inalegea: nilivyofunga waidibendi (sensa ya oksijeni inayotoa namba kamili) kwenye Corolla ya 1994

Corolla yangu, injini 4A-FE, ilikuwa inanuka esansi (petroli) hata ikiwa imeegeshwa mlangoni. Buji (plagi) nyeusi kama sufuria ya kuni. Fundi wa kwanza alibadilisha buji, wa pili akaosha mainjekta, wa tatu akaniambia esansi ya Kadhafi, yaani wale wauzaji wa barabarani, ndiyo ilivyo, nizoee. Sikuzoea. Nilichukua kipande cha waya nikaunganisha tundu za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti. Taa ya injini ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja. Namba ya hitilafu 21: sensa ya oksijeni, ile ya kwenye bomba la moshi.

Mtu mwenye akili angenunua sensa nyingine ya waya moja na kumaliza habari. Mimi nilitaka kuona namba kwa macho yangu, nikaagiza waidibendi na kontrola yake. Kama na wewe umeingiwa na tamaa hiyo, nisikilize kwanza, maana mimi niliendesha wiki tatu gari ikiwa mbovu kuliko mwanzo.

Sensa ya zamani inajua maneno mawili tu. Mchanganyiko wa hewa na esansi ukiwa na esansi nyingi inatoa karibu volti 0.9, ukiwa na hewa nyingi inashuka hadi 0.1. Inaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine pale hewa inapofika kilo 14.7 kwa kilo moja ya esansi, na kompyuta ya gari inahesabu mpaka wake kwenye 0.45. Juu ya hapo inapunguza esansi, chini yake inaongeza, basi. Waidibendi, kama LSU 4.9 ya Bosch, haiwezi kuzungumza na kompyuta hiyo moja kwa moja. Inahitaji kontrola ya kuongoza hita yake na pampu yake ndogo ya oksijeni. Kontrola nyingi zinatoa nyaya mbili za taarifa: moja ya volti 0 hadi 5 inayopanda taratibu kufuata mchanganyiko, na nyingine inayoiga sensa ya zamani. Gari ya umri huu ipe ile ya kuiga. Ukiipa ya 0 hadi 5, mchanganyiko ukiwa sawasawa kabisa waya utakuwa na zaidi ya volti 2, kompyuta itadhani esansi imezidi, nayo itapunguza, itapunguza tena, mpaka injini ianze kukohoa.

Soketi ya sensa usiikate hata kama waya ni mfupi. Ndani ya soketi ya LSU 4.9 kuna kirezista kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo. Najua mafundi wetu wanavyopenda kukata, kusokota na kuzungushia sochi (utepe). Hapa mkataze.

Sasa mase, ambayo jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita erthi. Kontrola yangu ilikuwa na nyaya mbili za mase, moja ya hita na moja ya signali. Nikaona ni usumbufu kuzipitisha hadi kwenye injini, nikazifunga zote mbili kwenye skrubu moja chini ya kapeti, upande wa abiria. Skrubu ilikuwa tayari pale, imeshika mase ya amplifaya ya redio.

Gari ikawaka vizuri, namba zikaonekana, nikafurahi. Kisha nikaanza kuona maajabu. Asubuhi inakwenda. Jioni, nikitoka Himbi kuelekea Majengo hapa Goma, inavuta kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, iliyobeba viazi magunia manane. Nikalaumu esansi, nikalaumu mlima, nikalaumu na kontrola. Siku moja kijana anayejifunza kazi kwenye garaji alikaa pembeni yangu kwenye jaribio, akasikiliza kidogo, akasema: «Papa, zima kwanza redio.» Nikazima. Gari ikatoka mbio.

Tulirudi tukaweka multimeta kati ya skrubu ile na chuma cha injini, redio ikiwa juu. Sindano ilicheza na kugusa volti 0.4. Fanya hesabu: kontrola inasema 0.1, yaani hewa nyingi, lakini mase yake imeinuliwa kwa 0.4, kwa hiyo kompyuta inasoma 0.5. Imevuka mpaka. Kwake esansi ni nyingi muda wote, inakata bila kukoma, na mimi nacheza rumba.

Tulikwangua rangi, tukapeleka nyaya zote mbili hadi pale mase ya kompyuta yenyewe inapofungwa kwenye injini, kila moja na kichwa chake, boliti imesafishwa kwa msasa. Umeme wa hita tuliutoa kwenye rilei inayowashwa na ufunguo, na fyuzi yake peke yake. Kisha tukarudi kwenye kile kiboksi: TE1 na E1 zimeunganishwa, mita ya sindano kati ya E1 na tundu la VF1, linaloonyesha kompyuta inavyorekebisha esansi, injini kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Sindano inatakiwa kuyumba mara nane au zaidi ndani ya sekunde kumi. Kijana alihesabu kwa sauti, akafika tisa. Redio ilikuwa inapiga.

Kuhusu bomba, chagua sudeeri (mchomeleaji) mwenye subira, na kabla hajawasha mashine yake chomoa betri na soketi ya kompyuta. Nati ya kuchomelea ni M18 kwa 1.5. Iwe mbele ya katalisti, kile kisafishio cha moshi, kama bado unayo, mbali kidogo na injini ili joto lisiiue sensa, na sensa iinamie chini kutoka upande wa juu wa bomba, maji ya mvuke yasitulie kwenye kauri yake. Kwetu Goma kuna sababu nyingine ya kuiweka juu: mawe ya lava hayana huruma na kitu chochote kinachoning'inia. Mawe hayo hayo hupasua viungo vya bomba, na ufa ulio mbele ya sensa unavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, kompyuta inaongeza esansi bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa injini ikiwa baridi, washa, mwagia povu la sabuni kwenye viungo, utaona.

Silikoni ya kuzibia gasketi isikaribie. Inaitia sumu sensa. Na kama kontrola yako inataka kupimwa kwenye hewa safi, tafuta hewa safi kweli. Mimi niliipima mara ya kwanza mita mbili kutoka kwenye jenereta ya jirani, ikaniambia nina hewa nyingi huku buji zikizidi kuwa nyeusi.

Waidibendi isiyo na umeme isibaki kwenye moshi, inajaa masizi na kufa. Kwa hiyo nina kizibo cha M18 kwenye kisanduku cha dashibodi, cha kufunga tundu lake nikiitoa. Sensa mpya ya waya moja nimeshaifunga kwenye tundu la zamani, soketi yake ya kiwandani haijakatwa, inasubiri siku kontrola itakapogoma katikati ya njia ya Sake.