Kuhusu swali lako la kuacha wodi

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku Majengo wazima, ila joto ndilo linatutesa, na goti la babako ni lilelile. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa naye akausoma, akasema, "Hili lako, mimi nilikuwa karani wa bandarini."

Unasema mwaka wako wa mafunzo kazini unakwisha na mbele yako kuna njia mbili. Kuna kliniki ya Nyali yenye mshahara wa maana, na kuna kuendelea kusoma ubobee kwenye wagonjwa mahututi wa ubongo, kisha uwe mtafiti. Unachoogopa ni kwamba utafiti ni kuwakimbia wagonjwa. "Mama, wewe umeuguza ICU, wodi ya mahututi, mpaka ukastaafu, niambie ukweli."

Basi nakwambia: nenda, ila usikubali kutolewa wodini.

Wewe mwenyewe umemwona kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia, kaletwa na wasamaria kichwa kimevimba. Kila saa muuguzi anamwita kwa jina, anambinya kucha kwa kalamu aone kama atauvuta mkono, anammulika tochi jicho moja kisha la pili. Macho, maneno, viungo: kila kimoja kinaanzia alama 1, cha kwanza kinafika 4, cha pili 5, cha tatu 6, jumla 15, na asiyeitika chochote ana 3. Hicho kipimo tunakiita Glasgow kwa sababu kilitoka huko mwaka 1974, kwa madaktari Teasdale na Jennett, nao walikuwa wakishinda na wagonjwa hao hao. Kabla yake kila mtu aliandika lake: "amelewalewa", "hajitambui sana". Leo muuguzi wa Mombasa akimpigia daktari simu saa nane usiku akasema "alikuwa 13, sasa ni 9", daktari anavaa viatu. Huo ni utafiti, na haukuhitaji umeme wala dola.

Lakini mfano ninaotaka uubebe ni wa jirani zetu wa Kilifi. Kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kiko pale tangu 1989, na watoto wenye malaria ya ubongo ndio walikuwa shughuli yao kubwa. Walipowafungia watoto hao mashine ya kusoma umeme wa ubongo, wakakuta baadhi ya wale waliolala kimya kumbe wako ndani ya degedege. Mwili mzima umetulia, ila pembe ya mdomo inachezacheza, au jicho linavutwa upande mmoja. Kitu kidogo hivyo, ukigeuka kuchukua sindano hukioni.

Sasa akili ya kawaida inasema nini? Inasema kama degedege linaumiza ubongo, basi mpe mtoto dawa ya kulizuia mapema. Wakafanya jaribio, watoto 340, nusu wakapewa fenobabitoni sindano moja kubwa, nusu maji yasiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Degedege lilipungua kweli. Na vifo? Waliopewa dawa walikufa asilimia 18, wasiopewa asilimia 8. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wamechomwa pia diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, mara tatu au zaidi. Dawa hizi mbili zikikutana hulegeza pumzi, na pasipo mashine ya kupumulia mtoto ananyamaza moja kwa moja.

Lifikirie hilo, mwanangu. Chati ya degedege ingekuwa nzuri, kila mtu angefurahi, na dawa ingesambaa. Bila jaribio lile nani angejua?

Wala usidhani ni mambo ya hospitali zetu maskini tu. Steroidi kwa waliopasuka vichwa zilitolewa duniani kwa miaka na miaka, kwa hoja kwamba zinapunguza uvimbe. Jaribio la CRASH lilipokuja, watu wazima zaidi ya 10,000, likasimamishwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2004: ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21 ya waliopewa, na 18 ya wasiopewa. Tofauti ya watu watatu katika kila mia haionekani na mtu anayesimama kwenye kitanda kimoja, hata akae miaka arobaini, hata awe hodari vipi. Mimi nisingeiona. Ndiyo maana simkubalii anayesema mtafiti amewaacha wagonjwa.

Utaambiwa pia kwamba hapa kwetu fani hiyo haiwezekani, hatuna vifaa. Ni kweli vitanda ni vichache, na ghali. Lakini soma jaribio la Bolivia na Ekwado la mwaka 2012. Wagonjwa 324 wa majeraha ya kichwa: wengine walitiwa kipimo cha shinikizo ndani ya fuvu, wengine walifuatwa kwa daktari kuwachunguza kitandani na kwa picha za CT za kichwa. Matokeo hayakutofautiana. Haina maana kipimo ni bure. Maana yake ni kwamba kuna swali zima ambalo hospitali tajiri haziwezi kulijibu, kwa kuwa wao hawathubutu kuwa bila hicho kipimo. Maswali ya namna hiyo ndiyo yako.

Na kama ungenipa mimi nichague, ningekupa hili la kukata tamaa mapema. Daktari akisema siku ya kwanza "huyu hatoki", matibabu yakalegezwa, mgonjwa akafa, daftarini inaingia kwamba wa aina hii hufa. Na yule anayefuata anahukumiwa kwa daftari hilo. Wenye fani wenyewe walishauri mwaka 2015 kusubiri walau saa 72 kabla ya kutoa hukumu kwa ubongo ulioumia vibaya. Kisha wale wanaotoka hai, nani anawafuata mpaka Kisauni kuona kama wanajilisha, kama wamerudi kazini? Tunaandika "ameruhusiwa" na kufunga faili.

Ridhaa ndiyo itakayokuchosha kuliko takwimu. Mgonjwa wako hasemi ndiyo wala la. Utamwomba mamake, naye yuko kwenye korido na ukoo mzima, mmoja anasoma Yasini, mwingine anauliza bili. Usimpe makaratasi ya Kiingereza ukasimama juu yake na kalamu. Keti. Mwambie hatujui ipi bora kati ya hizi mbili, na akikataa mwanawe atauguzwa vilevile. Akikataa, mshukuru, na umaanishe.

Muda ni mrefu, hilo sikufichi: uzamili miaka mitatu au minne, ubingwa juu yake, pengine nje ya nchi, halafu kamati ya maadili, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na maombi ya ruzuku yatakayorudi na "samahani". Wenzako watakuwa wamejenga Bamburi. Ukijijua kwamba hilo litakukera kila siku, chukua kliniki, nayo ni kazi ya heshima, na sitakulaumu.

Shangazi yako anayesema utazeekea shuleni niachie mimi. Fomu za maombi nitumie kwa WhatsApp kabla hujatia sahihi. Nataka kuona kama kuna mahali wanasema utakuwa wodini siku ngapi kwa wiki. Kama hawakuandika, waulize, na wakizungukazunguka, tafuta kwingine.

Mamako